Unguja au Pemba: Kisiwa Kipi Kinakufaa kwa Baiskeli

Mtu mwenye siku tano za mapumziko na hamu ya kuzunguka kisiwa kwa baiskeli mara nyingi huanza na swali lisilomsaidia: pwani ipi ni nzuri zaidi? Mchanga mweupe upo Unguja na upo Pemba, na bahari ni ileile. Lakini ukiwa juu ya baiskeli unaishi na barabara tangu asubuhi hadi jioni. Maswali yenye faida ni mengine: barabara inapanda kiasi gani, gari ngapi zinakupita ubavuni, upepo unatoka wapi, na ukipata pancha fundi yuko umbali gani. Kwa maswali hayo manne, visiwa hivi vilivyotenganishwa na kilomita 50 hivi za maji ni mbingu na ardhi.

Nimeviendesha vyote viwili, na nitasema mapema ninavyoamini ili usome ukijua nimesimama upande gani. Unguja ni kisiwa cha kwenda mahali kwa baiskeli. Pemba ni kisiwa cha kuendesha baiskeli. Anayetaka kufika kwenye msikiti wa Kizimkazi, kwa kima wa msitu wa Jozani au kwenye hamamu, bafu la kale, ya Kidichi, kisha jioni akaoge baharini na kula pweza, Unguja itampa yote hayo kwa jasho la wastani. Anayefurahia njia yenyewe, anayeweza kusimama nusu saa kutazama watu wakianika karafuu asione amepoteza muda, huyo ni mtu wa Pemba, hata kama yeye mwenyewe bado hajui.

Ardhi: bapa na vilima

Ramani hudanganya hapa. Unguja ndicho kisiwa kikubwa, urefu wake ni kama kilomita 85 na upana hufika 39. Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi, tena ni nyembamba zaidi. Anayetazama karatasi atasema Pemba inamalizika kwa siku moja na Unguja kwa siku tatu. Nilifikiri hivyo pia, mpaka nilipojikuta saa nane mchana niko katikati ya Mkoani na Chake Chake nikiisukuma baiskeli kwa mkono, maji yameisha, na mbele yangu kuna kilima kingine.

Mashariki na kusini mwa Unguja ni uwanda wa mawe ya matumbawe. Udongo ni haba, miti ni mifupi, na barabara imelala. Kutoka Paje hadi Makunduchi hakuna kilima cha kukushusha kwenye tandiko. Mtoto wa miaka kumi anayejua kuendesha ataimaliza, mradi jua lisimuwahi, kwa sababu kivuli nacho ni haba. Udongo mzito uko magharibi, pamoja na tuta la vilima linalopita Masingini. Ukitoka Bububu kupanda Kidichi utahema, ila mpando una mwisho unaoonekana.

Pemba nayo ina ukanda mkavu na wa mawe upande wa mashariki, kuelekea Micheweni. Lakini barabara zinazounganisha miji yake mitatu, Mkoani, Chake Chake na Wete, zimekaa zaidi upande wa magharibi, na huko ardhi imekunjwa kama shuka lililolaliwa. Unapanda kilima, unashuka bonde la mpunga, unapanda tena, unachungulia hori lenye mikoko, unashuka, unapanda. Hakuna kilima hata kimoja kinachostahili kuitwa mlima. Kinachochosha ni kwamba haviishi. Mteremko unakupa kasi, na kabla hujaifaidi, kilima kinachofuata kimeshaila.

Malipo yake ni kivuli. Waarabu waliiita Pemba Al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani, na kijani hicho utakiona kikikukinga na jua kilomita baada ya kilomita. Sehemu ya sababu ni ya kihistoria. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa sana ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika, na tangu wakati huo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba. Kwa mwendesha baiskeli, historia hiyo inakuja kwa pua. Msimu wa mavuno karafuu huanikwa juani kwenye majamvi mbele ya nyumba na kando ya barabara. Harufu yake inakufikia kabla hujaona nyumba yenyewe. Pita mbali na majamvi, usiyakaribishe tairi hata kidogo: hiyo ni kazi ya wiki nzima ya familia, kuanzia kukwea mti hadi kuchambua na kuondoa makonyo.

Magari

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 1,340,000 Unguja na kama 543,000 Pemba. Tofauti hiyo utaisikia masikioni. Unguja, barabara zinazotoka mjini ndizo mbaya kwa baiskeli. Ya Bububu na ya Amani zina daladala zinazosimama ghafla, bodaboda zinazopenya kushoto na kulia, na malori ya mchanga. Nimemwambia kila aliyeniuliza: usianze safari yako ya Unguja kwa kuendesha kutoka mjini kwenda Paje au Nungwi. Ni kilomita 50 na zaidi kila upande, na zile za kwanza zitakuchosha roho kabla hazijachosha miguu. Panda gari, baiskeli iwekwe juu, mteremke shamba wote wawili mkiwa wazima.

Ukishatoka mjini, Unguja inatulia. Bado magari ya watalii hukimbia katika barabara ya kusini, hasa alfajiri wanapowahi pomboo wa Kizimkazi na jioni wanapowahi ndege. Karibu na Jozani yamewekwa matuta ili magari yasiwagonge kima wanaovuka barabara, na hapo hata wewe unapata nafasi ya kupumua.

Pemba, mbali na vipande vya kuingia Chake na Wete, unaweza kuendesha robo saa nzima usipitwe na gari hata moja. Hatari ya huko ni ya aina nyingine: kona zisizoonekana zikiwa katikati ya mteremko, mbuzi aliyelala kwenye lami, na watoto wanaokimbia kando yako wakikusalimia ilhali wewe umeshika breki mkono mmoja. Punguza mwendo kwenye kila kijiji. Katika visiwa vyote viwili tunaendesha kushoto, na taa za barabarani ukishatoka mijini usizitegemee. Jua huzama baina ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro, giza huingia upesi, kwa hiyo ifanye saa kumi na moja kuwa saa yako ya kuwa karibu na kitanda.

Jambo moja la kuweka kichwani kuhusu usalama: ukiumia sana Unguja, Hospitali ya Mnazi Mmoja iko mjini. Pemba, Hospitali ya Abdalla Mzee iko Mkoani, kusini kabisa, na ukiwa Kigomasha, ncha ya kaskazini, hiyo ni safari ya kisiwa kizima. Chake na Wete nako kuna hospitali, ila usiende kaskazini ya mbali peke yako bila simu yenye chaji na mtu anayejua umeelekea wapi.

Upepo na maji

Hapa ndipo wageni wengi, hata wa kutoka bara, wanapokosea, na hapa ndipo ningependa usome polepole.

Unguja mpinzani wako ni upepo. Kwa sababu uwanda wa mashariki hauna vilima wala miti mirefu, upepo unavuma juu yake bila kizuizi. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia kiasi cha mwezi wa tano au wa sita hadi wa tisa. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki, kiasi cha Desemba hadi Machi. Maana yake kwa safari yako ni rahisi kabisa: wakati wa kusi anzia Makunduchi, ufuate pwani kupanda Jambiani, Paje, Bwejuu hadi Michamvi, upepo ukiwa mgongoni. Wakati wa kaskazi geuza, anzia Michamvi. Ni njia ileile, lakini ukiipita kwa upande usio sahihi wakati wa kusi utadhani breki zimeshika. Nimewahi kutumia saa moja kwa kipande ambacho siku iliyotangulia kilinichukua dakika ishirini na tano, kwa sababu tu niliona uvivu kupandisha baiskeli kwenye gari.

Pemba upepo haukusumbui hivyo. Vilima na mikarafuu vinaukata. Utaukuta tena kwenye Rasi Kigomasha, ambako mnara wa taa wa chuma umesimama peke yake, lakini hapo umekwenda kutazama bahari, uache ukupepee.

Kisha maji. Pwani ya mashariki ya Unguja ina kitu ambacho ni vigumu kukipata Pemba: maji yakipwa, unapata barabara ya pili, pana, ya mchanga mgumu, isiyo na gari. Kutoka Paje hadi Jambiani unaweza kuendesha kwenye mchanga huo ukiwa na bahari ya kijani kushoto kwako na minazi kulia. Ila lazima ujue maji. Mchanga mkavu wa juu ni laini, tairi huzama na utashuka. Unaobeba baiskeli ni ule ulioloa, ambao maji yameuacha karibuni. Siku za bamvua, yaani kuzunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa mbali sana, na hufika chini kabisa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, ambao ndio wakati mzuri wa kuendesha. Kila siku inayofuata wakati huo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za maji mafu, yaani baina ya bamvua na bamvua, maji hayaendi mbali, njia ya mchanga ni nyembamba, na usipange safari nzima juu yake. Muulize mvuvi au mama anayekwenda shambani kwake baharini, atakupa saa kuliko programu yoyote ya simu.

Shamba baharini, ndiyo. Vijiti vilivyopangwa kwa mistari wakati wa kupwa ni mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Baiskeli haipiti katikati ya vijiti hivyo. Pita juu, karibu na mchanga, na uwape salamu.

Na ukitoka pwani, osha baiskeli kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku ileile, mnyororo kwanza, kisha uupake mafuta. Chumvi haingoji kesho. Nimeona mnyororo mpya ukilia kama bawaba kuukuu baada ya siku mbili tu.

Baiskeli yenyewe: kukodi, kubeba, kutengeneza

Kwa kukodi, Unguja imeshinda bila ubishi. Paje, Jambiani na Nungwi baiskeli za kukodi zimejaa, gesti nyingi zinazo, na ukiwa mjini pia utazipata. Ubora ndio wa kuangalia. Nyingi zimekaa kwenye hewa ya chumvi kwa miaka. Kabla hujalipa, fanya mambo matatu: inyanyue gurudumu la nyuma na uzungushe pedali huku ukibadilisha gia zote. Kaba breki ya mbele na usukume, baiskeli ikisogea ikatae. Kisha kaa juu yake uone kama tandiko linashika au linazama taratibu. Mwenye baiskeli nzuri hataudhika ukikagua. Mimi nilipewa moja isiyo na breki ya nyuma na nikaambiwa "ya mbele inatosha", na kwa uwanda wa Paje ilitosha kweli. Kwa Pemba ingeniua.

Pemba kukodi kunategemea mwenyeji wako. Baadhi ya gesti na hoteli zina baiskeli, na ukiuliza mtaani Chake utapata mtu wa kukuazima yake kwa siku. Mara nyingi itakuwa baiskeli nzito ya kawaida, isiyo na gia, yenye keria nyuma, ileile inayobeba samaki na madafu. Nawaheshimu sana wanaoendesha baiskeli hizo kwenye vilima vya Pemba wakiwa na mzigo. Wewe mgeni utazisukuma zaidi ya kuziendesha. Kwa hiyo ushauri wangu kwa Pemba ni thabiti: nenda na baiskeli yako yenye gia, au ikodi Unguja kwa siku kadhaa kwa makubaliano ya wazi na mwenyewe, uivushe kwa boti. Boti zinatoka bandari ya Malindi, mjini Unguja, kwenda Mkoani, na baiskeli hupokelewa kama mzigo. Fika mapema, ifunge usukani, na uhakikishe haikulazwa upande wa gia. Bahari kati ya visiwa hivi ni ya kina kirefu na wakati wa kusi huchafuka, kwa hiyo mwenye tumbo jepesi asile sana kabla.

Kuhusu mafundi, usiogope. Katika visiwa vyote viwili baiskeli ni chombo cha kazi, na chini ya mti wa kijiji karibu kila mahali pana mtu mwenye pampu, besheni la maji la kutafutia tundu, viraka na solusheni. Ziba pancha, kaza spoku, nyoosha rimu, atafanya vyote kwa mkono unaoona haya kuuita wa kijijini tu. Ambacho hatakuwa nacho ni tyubu ya ukubwa usio wa kawaida, waya wa gia, au kiungo cha mnyororo mwembamba wa gia nyingi. Hivyo beba mwenyewe: tyubu mbili, kiungo kimoja, waya mmoja. Unguja ukivikosa mjini viko. Pemba ukivikosa, umevikosa.

Njia ninazozipenda

Kwa Unguja, ya kwanza ni ya kusini: Paje, Jambiani, Makunduchi, Kizimkazi. Ni ya siku moja kwa aliyezoea, siku mbili kwa anayependa kusimama. Usipite Kizimkazi Dimbani bila kuuona msikiti wa zamani. Kwa nje ni paa la bati na kuta za kawaida, ndani ukutani kwenye kibla mna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yenye mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Miaka zaidi ya mia tisa, nawe umefika kwa pedali. Vaa heshima, omba ruhusa, vua viatu.

Ya pili ni ya mashamba ya magharibi. Fika Bububu kwa gari, kisha panda Kidichi na Kizimbani. Bububu yenyewe iliwahi kuwa kituo cha mwisho cha reli fupi iliyoanza mjini mwaka 1905, na inashangaza kufikiria kwamba kipande hiki cha barabara chenye foleni kiliwahi kupitiwa na treni. Kidichi kuna hamamu aliyoijenga Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi mwaka 1850. Kizimbani ni viungo: mdalasini, iliki, pilipili manga zikiparamia miti. Njia ndogo za udongo kati ya mashamba hayo ndiyo sehemu pekee ya Unguja inayofanana na Pemba, na kama huna muda wa kuvuka bahari, njoo hapa uionje.

Jozani nitaipita haraka. Msitu ni mzuri, ni sehemu ya hifadhi ya taifa tangu 2004, na kima punju ni wa Unguja kwa asili, hutawakuta bara. Lakini ndani ya msitu unatembea kwa miguu. Baiskeli inakufikisha getini tu, na barabara ya kufika ina magari.

Pemba, sina njia moja. Nina tatu, na zote zinanivuta.

Ya kusini mashariki ya Chake inakwenda Pujini, kilomita 10 hivi, kwenye magofu ya ngome ya Mkama Ndume. Masimulizi yanamkumbuka kama mtawala mkatili aliyewafanya watu wabebe mawe ya kujengea wakijiburuta kwa makalio. Ndani kuna kisima, na wenyeji watakusimulia habari ya wake zake wawili waliooneana wivu hata ukuta ukajengwa kuwatenganisha. Ni nusu siku ya utulivu, na ni mahali pazuri pa kujaribu miguu yako kabla ya kwenda mbali.

Ya katikati ni kati ya Chake na Wete. Barabara ziko mbili: ya mashariki inayoelekea Konde, na ile kongwe ya magharibi inayojipinda mashambani. Chukua ile ya magharibi, hata kama vilima ni vingi zaidi. Njiani unaweza kuchepuka Kidike kuwaona popo wa Pemba, wakubwa, rangi ya kahawia iliyoiva, wananing'inia mchana kweupe kama matunda. Hawapatikani kwingine popote duniani. Wete ukifika, tafuta halua.

Ya kaskazini ndiyo iliyoniteka. Unalala Wete au Konde, unaamka na jua, unaingia Msitu wa Ngezi. Barabara inapita ndani ya msitu, miti mirefu imefunika juu, joto linashuka ghafla kana kwamba mtu amefungua mlango wa nyumba ya mawe. Unatokea upande wa pili kwenye mwanga mkali, unakata kulia hadi Vumawimbi, pwani ndefu nyeupe ambayo mara nyingi unaikuta tupu, au unaendelea hadi mnara wa Kigomasha. Kurudi, ukipitia Tumbe kwenye soko la samaki, uliza yalipo magofu ya Haruni. Masimulizi yanasema alikuwa mtoto wa yule Mkama Ndume wa Pujini. Kwa baiskeli, ukitoka kwa baba siku ya kwanza na kufika kwa mwana siku ya tatu, umekivuka kisiwa.

Wapo watakaouliza kuhusu Mafia. Ni bapa, ni tulivu, Kilindoni hadi Utende ni njia fupi ya lami, na kama unakwenda kwa ajili ya papa potwe basi ikodi baiskeli kwa siku moja ukiwa huko. Kwa safari ya baiskeli peke yake, bado ningekupeleka Zanzibar.

Kula, kulala, na adabu

Unguja hutalala njaa wala nje. Pwani yote ya mashariki na kaskazini ina gesti za kila kimo cha mfuko, na kila kilomita chache kuna duka lenye maji. Pemba vituo vya kulala viko Chake, Wete, Mkoani na vichache kaskazini. Baina yake panga mwenyewe. Beba maji lita tatu na usiache kununua muhogo, ndizi au dafu unapoviona, kwa kuwa huenda usivione tena kwa saa mbili.

Visiwa vyote ni vya Waislamu, na Pemba ni ya ndani zaidi. Kaptura fupi ya baiskeli iliyobana haifai kupita nayo kijijini, awe mwanamume au mwanamke. Vaa suruali nyepesi au funga kanga unapokaribia nyumba. Mwanamke anayeendesha baiskeli hatashangaza mtu Paje. Pemba atatazamwa, kisha atasalimiwa, kisha atakaribishwa chai. Salamu ndiyo kila kitu: mzee aliyekaa barazani ni "shikamoo babu", na umwambie unakokwenda hata kama hakuuliza, kwa sababu taarifa hiyo itakutangulia njiani na ikitokea shida watu watajua pa kukutafuta. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana, na kunywa maji hadharani huudhi. Kuendesha vilima vya Pemba juani katika mwezi huo si busara kwa afya yako wala kwa wenyeji wako. Masika nayo, Machi hadi Mei, iache ipite: njia za udongo za mashambani zinageuka utelezi, na hizo ndizo ulizokuja kuzifuata.

Basi nani aende wapi

Mwenye watoto, au anayerudi kwenye baiskeli baada ya miaka mingi, aende Unguja na akae Paje au Jambiani, asihame hame. Wapenzi wawili ambao mmoja anapenda baiskeli na mwenzake anapenda kulala chini ya mnazi, Unguja tena, watakutana jioni. Mwenye siku tatu tu, Unguja, maana Pemba siku moja ya hizo italiwa na boti.

Mwenye siku tano na miguu iliyozoea, baiskeli yenye gia na breki mbili zinazoshika, aende Pemba. Simwambii hivyo kwa kuwa Unguja ni mbaya. Unguja anaweza kurudi mwaka wowote kwa namna yoyote, kwa gari, kwa mguu, na familia. Pemba ukiipita kwa gari unaikosa: kioo kikiwa kimefungwa hakuna karafuu, hakuna chai barazani, na Ngezi ni dakika kumi za miti.

Mwenye siku nane au zaidi aunganishe. Aanze na Unguja, siku tatu za uwandani kulainisha miguu na kuijua baiskeli yake, ndipo avuke. Na akishuka Mkoani asidanganywe na bahari shwari iliyo nyuma yake. Bandari iko chini na mji uko juu, barabara inapanda tangu getini. Anywe chai pale chini, akaze mizigo kwenye keria, ajaze upepo tairi zote mbili, aweke gia nyepesi akiwa bado amesimama, ndipo apande.